Jumamosi ya Marudiano

Juzi nilikuwa hotelini mjini Nyeri nikinywa chai, televisheni ikionyesha fainali ya klabu bingwa Afrika. Mechi ilipoisha mhudumu akasema, "Hawa wasianze kusherehekea, bado marudiano." Nikaiacha chai ipoe. Laiti babu yangu angemsikia huyo mhudumu miaka ile.

Nyumbani kwetu Tetu, rafiki yangu, mpira ulikuwa wa shangazi, dada mdogo wa baba. Alikuwa golikipa. Jioni tukichambua viazi, sisi watoto tulimrushia vile vidogo, naye anavidaka mlangoni pa jikoni, nyanya akigomba kwamba chakula si mchezo. Ile harufu ya moshi na maziwa yaliyofurika motoni bado ninayo.

Mwaka mmoja timu yake ya wasichana ikafika fainali ya bara: mechi moja ugenini, nyingine nyumbani. Ile ya ugenini tuliisikiliza redioni, tumebanana jikoni. Walishinda bao moja kwa bila, na shangazi akaokoa penalti. Babu, mtu wa kahawa na kanisa, alicheka mpaka akavua kofia. Kesho yake akatuma ujumbe kwa wazee wa upande wa kijana aliyekuwa amemchumbia shangazi: njooni na mahari Jumamosi ijayo, msichana amemaliza mpira. Hakuuliza mtu. Hakujua fainali yaweza kuchezwa mara mbili.

Shangazi aliporudi alimweleza kwa upole kwamba Jumamosi hiyo ndiyo ya marudiano.

"Si mlicheza mkashinda?" babu akauliza. "Sasa hiyo ingine ni ya nini?"

"Baba, hiyo ndiyo iko na kombe."

"Wageni wameshaambiwa. Mimi si mtoto wa kusema na kurudi nyuma."

Na shangazi asingeweza kukosa siku hiyo ya mahari, kwa maana kwetu lazima msichana aulizwe mbele ya wazee kama kinywaji kilicholetwa kinywewe, yaani kama amekubali kuolewa. Asubuhi hiyo alivaa glavu zake za golikipa akachuma thabai, ile mboga inayowasha, ya kupondwa pamoja na viazi kuwa mukimo wa wageni. Mchana akaulizwa. Akasema, "Mnywe." Wazee wakapiga makofi, na jikoni redio ikatangaza kwamba golikipa wa akiba amefungwa bao la pili. Kombe likaenda.

Jiko lile lilibomolewa. Zile glavu nyanya aliendelea kuchumia thabai mpaka zikachanika. Babu naye tulimzika akiwa bado anaamini alifanya la heshima, na mimi sijamsamehe, hata kama wafu hawasemwi vibaya.

Siku ya mazishi nilikaa karibu na mume wa shangazi. Ni mtu mpole, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

"Huyu mzee alikuwa na haraka," akaniambia. "Wakati alituita, sisi tulikuwa tumeshatafuta gari ya kwenda uwanjani, tukamshangilie bibi yangu. Tungengoja hata mwezi."

Shangazi alikuwa nyuma yetu akigawa chai. Aliweka birika chini, akatoka nje.