Kurasa sitini na tatu ndani ya sufuria

Saa tatu kasoro asubuhi, Jumatatu, Nyamizi Shigela anafunua sufuria juu ya meza yake ya kazi, mtaa wa Somanda, mjini Bariadi. Ndani hamna ugali. Kuna simu ya kupangusa, kioo kimepasuka kona moja, imezungushiwa kitenge mara mbili.

"Hujaiwasha?" anauliza.

"Tangu Ijumaa sijaigusa," anajibu mwenye simu, Esteria Ndalahwa, vumbi la basi bado liko kwenye nyusi. "Tulipofika Mwanhuzi simu za abiria zikaanza kulia. Nikajua mtandao umeingia kwenye basi. Nikakaza mfuniko."

Gharib, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye Nyamizi anakaa kwenye baraza lake, anacheka mpaka anaweka chini misumari aliyokuwa akipima. "Mtandao si nzi, mayu. Haufunikwi."

Nyamizi hacheki. Ndani ya simu ile kuna kurasa sitini na tatu za masomo, na orodha yake haijabaki popote pengine. Simu ikishika mtandao kwa dakika moja tu, zitafutika zote.

Nyamizi ana miaka thelathini na sita. Kazi yake ni steshenari: kutoa fotokopi, kujaza fomu, kuchapa barua. Siku nzuri anaondoka na shilingi elfu kumi na mbili. Lakini miaka mitatu sasa watu wanamfuata kwa jambo jingine. Anawafungulia programu ya kuhifadhi kurasa za mtandaoni ili wakazisome baadaye, hata pale ambapo mtandao haufiki.

Ilianza na huyuhuyu Esteria, mama wa watoto watatu, mke wa mfugaji, anayeishi ng'ambo ya Bukundi ambako ili upige simu lazima upande kilima. Aliishia darasa la saba. Alikuja akitaka kuchapiwa masomo ya Mtihani wa Maarifa, ule wa watu waliokosa sekondari. Nyamizi akahesabu karatasi: shilingi elfu sitini na kitu.

"Hiyo ni mbuzi," Esteria alimwambia. "Na mbuzi si wangu, ni wa baba mkwe."

Nyamizi akatafuta njia hadi akaipata programu hiyo. Unazihifadhi kurasa ukiwa mjini, unaondoka nazo kijijini, unazifungua huko kama kitabu. "Siku ya kwanza nilizima data, nikabonyeza, ukurasa ukafunguka," anasema Nyamizi. "Nilijiuliza, sasa haya maneno yanakaa wapi?"

Habari zikasambaa. Wakulima wa pamba wakaja, wafugaji wakaja, na fundi cherehani mmoja. Karibu wote hawakuwa na barua pepe. Nyamizi akawaingiza wote arobaini na mmoja kwenye akaunti yake mwenyewe, kwa neno la siri moja. Ili wasichanganyikiwe, kila ukurasa akaupiga chapa ya jina la mwenyewe, kama ng'ombe wanavyopigwa chapa wanapolala zizi moja. Kila mtu akawa anasoma zenye chapa yake. Mambo yakaenda vizuri.

Mpaka Alhamisi iliyopita.

Joakim, mkulima kutoka Ipililo, alimaliza kusoma habari za viwavi. Akaingia kwenye mipangilio, akaona palipoandikwa futa zote. Programu ikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo.

"Mimi nilidhani nafagia nyumba yangu," anasema Joakim, ambaye leo amekuja kuomba radhi akiwa na kuku wawili. "Kumbe nafagia mtaa mzima."

Kabla ya saa sita mchana simu zote zilizokuwa na mtandao zilikuwa tupu. Wengine walikuwa na kurasa tatu, nne, za kutafuta upya kwa nusu saa. Esteria alikuwa amekusanya kwa miaka mitatu, na mtihani umebaki wiki sita. Kilichomwokoa ni kile alichokuwa akikilalamikia kila siku: kwao hakuna mtandao. Amri ya kufuta ilikuwa haijamfikia.

"Nilihesabu siku," Nyamizi anasema. "Jumatatu anakuja mjini. Akifika Mwanhuzi tu, kwisha. Nani wa kumwahi?"

Alimpata Salu, mnunuzi wa mbuzi aliyekuwa anakwenda huko Ijumaa. Akamwandikia kikaratasi: mwambie azime simu, asiiwashe mpaka afike kwangu. Salu alifikisha. Sufuria aliiongeza Esteria mwenyewe.

Sasa Nyamizi anachukua pini, anachomoa laini. Ndipo anaiwasha simu. Barazani watu wanasogea kuangalia, hata Gharib. Orodha inafunguka. Zipo.

Esteria anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anasoma vichwa vya habari kimojakimoja. Nyamizi anafungua akaunti mpya kwenye kompyuta, ya Esteria peke yake, na barua pepe mpya ya jina lake. Kila kichwa kinachosomwa anakitafuta mtandaoni, anakihifadhi upya. Baiolojia, uraia, historia. Ukurasa wa thelathini na nane, wa hesabu, haupatikani tena. Mwalimu aliyeuweka ameshauondoa. Nyamizi anarudi kwenye simu, anayashika maandishi kwa kidole, anayanakili yote mpaka mstari wa mwisho, na kuyatunza kwenye daftari la simu.

Inafika saa tisa alasiri. Wateja wa fotokopi wameshaenda kwingine.

"Umepoteza siku yako, dada," Esteria anasema.

"Siku yangu nilishaipoteza nilipowatia wote zizi moja. Soma inayofuata."

Zinapotimia, anaiondoa akaunti ya zamani kwenye simu, anaingia kwenye mipangilio na kuuliza kama daktari. Lugha? Kiswahili. Herufi? Kubwa kidogo, kioo kimepasuka. Kupakua zenyewe ukikuta mtandao? Ndiyo. Kufuta ukishasoma? Esteria anamshika mkono. "Hapo weka hapana. Weka hapana mara mbili."

Halafu neno la siri la akaunti mpya. Nyamizi anamsogezea simu na kugeuza uso. "Andika la kwako. Mimi naangalia barabara."

Kwa miaka mitatu Nyamizi ndiye amekuwa akijua neno la siri la kila mtu. Esteria anaandika polepole, midomo ikicheza, na mwenyeji wake anaangalia bodaboda zinazokwenda hospitali bila kugeuka.

Laini inarudishwa. Data inawashwa. Kwenye kioo kilichopasuka namba inaanza kupanda: mbili, tisa, ishirini. Inasimama kidogo kwenye arobaini na moja na Joakim anavua kofia. Inaendelea. Sitini na mbili, na ule wa kwenye daftari, sitini na tatu.

Esteria anatazama juu, kwenye bati la baraza, kana kwamba ataona zilipopita. "Yaani historia yote hiyo imepita juu ya vichwa vyetu hapa, na hatujasikia hata upepo?"

"Na mimi kila mara nashtuka," Nyamizi anamjibu.

Wengine arobaini nao watafunguliwa kila mtu akaunti yake, mmoja baada ya mwingine, bila malipo, kwa sababu anasema kosa lilikuwa lake. Joakim ameomba awe wa mwisho.

Lipo jambo jingine, na Nyamizi analisema kwa sauti ya chini. Naye aliishia darasa la saba. Wakati wa kutafuta kurasa zile alijikuta anasoma, na Esteria alimwona.

"Alinitania. Akasema, wewe dada umesoma zangu zote, sasa mtihani aufanye nani?"

Dirisha la usajili la mwakani likifunguliwa, Nyamizi atajiandikisha. Esteria akifaulu, ndiye atakayemfundisha, na wamekubaliana kwamba hiyo ndiyo bei ya kazi ya leo.

"Ameshaanza," anasema, akifunga kompyuta. "Kaniachia uraia, sura ya kwanza na ya pili. Jumatatu ijayo ananiuliza maswali, hapahapa, mbele ya Gharib."