Makaa ya Misonobari

Kosa lilikuwa langu. Mama alipouliza mjukuu wake anafanya kazi gani huko nchi za baridi za kaskazini, kwenye misitu ya misonobari, nilikuwa na haraka zangu, nikamjibu kwamba anapima makaa yaliyomo kwenye miti. Nilitaka kusema hewa ya ukaa.

Mama, mzaliwa wa Unguja anayeishi nami hapa Maskati, alikunja uso. "Nimemlea mie, kasoma mpaka kamaliza, leo kawa mchoma makaa?"

Nilijaribu kueleza. Mti huvuta ukaa kutoka hewani, ukaufunga ndani ya shina na mizizi, na mwingine ukabaki udongoni. Binti yangu huzungushia mashina utepe, mwaka baada ya mwaka, ajue msitu umehifadhi kiasi gani, na joto hili linalozidi litaubakishia nini. Mama alitazama picha, akasema hiyo mivinje tu, Unguja imejaa. Tangu siku hiyo akaacha kumwita "mke mwenzangu", utani wao wa bibi na mjukuu. Kila Ijumaa binti yangu akipiga simu baada ya chakula, mama alimsalimu na kunirudishia simu.

Nami sikuhangaika tena kumweleza. Nilimtaka mtoto arudi Maskati, na kununa kwa mama kulinifaa. Nilikwishafika hata Wattaya, kwenye maduka ya magari, kumtazamia gari.

Kisha majira ya joto ya mwaka mmoja mvua ilikatika kule, na msitu ukawaka. Ijumaa hiyo binti yangu alilia kwenye simu. Miti aliyoipima imeungua, na ukaa uliofungwa humo tangu kabla hajazaliwa umerudi hewani.

"Baba, nimechoka. Narudi nyumbani."

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Mama alikuwa akisikia yote. Akanyoosha mkono, nikampa simu.

"Imeungua yote?"

"Upande wangu wote, Bibi. Iliyobaki iko ng'ambo ya mto."

"Kwa hivyo hayo makaa yalikuwa amana, miti ikitutunzia?"

"Ndiyo, Bibi. Yasirudi hewani."

Mama aliishusha simu kidogo.

"Hukunambia hivyo," aliniambia mimi, bila kunitazama. Kisha akarudi kwenye simu. "Ilobaki nani ataiangalia? Usije sasa, mke mwenzangu. Kapime ya ng'ambo kwanza."

Jumapili muuza magari wa Wattaya alinipigia, akauliza kama bado nalitaka lile gari jeupe. Nilimwambia mwenye gari bado yuko kazini, kule msituni.