Foleni ya Mawe

Katika kituo cha basi cha Iringa, anayechoka kupanga foleni huacha jiwe limshikie nafasi. Jumatatu nilikuta mawe yamejipanga mbele ya dirisha la tiketi lililofungwa, nami nikasimama nyuma yake. Basi la kwenda Mbeya siku hiyo lilikuwa moja tu.

Mama mmoja akasukuma jiwe kwa mguu.

"Heshimu nafasi za watu, mama!" nikafoka, kwa sauti yangu ya chuo kikuu.

"Haya, kaa nayo, mwanangu." Akaenda kukata tiketi dirisha la nyuma.

Mchoraji wa mabango ya maduka, aliyeketi kivulini, akacheka. "Mawe nimeyapanga mimi, dada, ni sanaa yangu. Nilitaka kuona watu watafanyaje."

"Wamefanyaje?"

"Wameuliza, wakazunguka nyuma. Mlinzi nimempata wewe tu."

Basi likaondoka kabla sijafika dirisha la nyuma. Sanaa yake naielewa vizuri: nililala Iringa.