Kiduara cha Shangazi

Shangazi yangu ana kiduara. Kiko mtandaoni, pembeni ya makala yake ya utafiti, kina rangi kama bangili ya shanga, na katikati pana namba. Makala ikitajwa gazetini au kwenye kurasa za wazi za mitandao, namba inapanda. Yake ilikuwa mbili. Anafundisha chuoni hapa Morogoro, mimi naishi kwake Kilakala kwa ajili ya shule, na nimezoea kumwona akiitazama hata kabla ya chai.

Makala inahusu kuhifadhi maharage ya wakulima wa Uluguru yasitobolewe na wadudu. Mradi wake ulikuwa unaisha, na ili uongezwe msimu mmoja alitakiwa kuonyesha kwamba utafiti umewafikia watu. Hakutaka kuwaacha wakulima wake njiani. Basi akatuma linki kwenye grupu la familia: "Ndugu zangu, fungueni, msambaze, namba ipande."

Kwetu, ndugu akisema ana jambo, watu wanaitikia. Hongera zikamiminika, maua, dua, amina. Baba mdogo akauliza, "Tumeitikia wote, mbona haijapanda?" Shangazi akaeleza kwamba kiduara hakioni ndani ya grupu letu. Jirani yetu Mzigua, mtani wake, alipoonyeshwa simu akasema, "Waluguru bwana. Maharage mmeshindwa kuyala, sasa mnayapigia kura."

Bibi, kutoka mlimani, akatuma ujumbe wa sauti: "Nimefungua, mwanangu. Kizungu kitupu. Maharage yangu yanasemwaje humo?"

Shangazi alikuwa kazini, akaniachia mimi nijibu. Shuleni nikiitwa jina naitikia kwa sauti ndogo mpaka mwalimu anarudia kuniita, ila kwa Bibi siogopi. Nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikajirekodi kwenye simu nikimwambia ayaanike yakauke kabisa, ayajaze kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, na akishafunika asifunguefungue, maana wadudu wanakufa kwa kukosa hewa. Nikamalizia, "Bibi, hata mimi nikija usinifungulie." Ningejua atawatumia wenzake ningeishia kwenye mfuniko.

Jumamosi moja mimi na Shangazi tukapanda mlimani kumsalimia. Sokoni, kwa mama mmoja muuza maharage, nikasema shikamoo.

"Marahaba. Hebu sema tena."

"Shikamoo."

"Ndiye. 'Hata mimi nikija usinifungulie.'" Akawageukia wenzake. "Jamani, mwenye ndoo huyu hapa."

Nikajificha nyuma ya Shangazi, na urefu wangu wote huu. Yeye hakucheka. Alikuwa akitazama ndoo zilizopangwa nyuma ya yule mama, zote zimefunikwa. Akaomba ruhusa awarekodi, nao wakasimulia huku wakikatizana, kila mmoja akitaka maharage yake ndiyo yawe yamepona zaidi.

Kwenye maombi yake ya kuongezewa msimu namba akaiandika ileile mbili, na chini yake akaweka sauti za wale akina mama. Jibu limekuja wiki hii: msimu umeongezwa, na wafadhili wameomba maelezo yale ya Kiswahili yawekwe hadharani. Yaani sauti yangu.

"Hapo sasa kiduara kitakuona," Shangazi akaniambia.

"Ndicho ninachoogopa."

Tukaingia stoo wote wawili kurekodi upya. Nikamwambia nitasema, ila asiniangalie. Akageukia ukutani, mkono mdomoni, mabega yakitikisika kwa kicheko, nami nikaanza na shikamoo.