Kidonge cha Usiku, Zizi la Mama

Mimi ni mtu wa kulala vibaya, na nikikosa usingizi nachukia kila kitu: jogoo, feni, jirani mwenye spika. Ndiyo maana binamu yangu anayefanya kazi nje aliniletea kopo la melatonini, vidonge vya usingizi. Wiki mbili nzima nilimeza kidonge saa tatu usiku, kisha nikakaa na simu usoni hadi saa saba. Mwuza dawa wa hapa Musoma alinicheka. Alisema mwili wenyewe hutengeneza kitu hicho giza likiingia, ili ujue usiku umefika. Mimi nilikuwa nameza usiku huku nikijimulikia mchana. Nikazima simu, nikalala.

Basi nikajiona daktari. Mama yuko peke yake Butiama tangu baba afariki, na kila nikimpigia asubuhi ananiambia hajafumba jicho. Nilimuuliza kwanza daktari wake, kwa sababu ya dawa za presha, akaruhusu kidonge kimoja kidogo. Jumamosi nikaenda.

Mama alikigeuzageuza kiganjani. "Haka kanaleta usingizi?"

"Hakalazimishi, mama. Kanauambia mwili kwamba ni usiku."

"Mwili wangu unajuaga ni usiku. Ndiyo maana haulali." Akachongoa mdomo kuelekea zizini. "Nikilala, nani atasikia ng'ombe wakitolewa?"

Nilikasirika. Wamebaki ng'ombe watano. Wawili waliibwa muda mfupi baada ya msiba, na tangu hapo sikio lake liko zizini. Nikamwambia, kwa ukali zaidi ya nilivyotaka, ameze tu, mimi nitakesha. Alinitazama kwa muda kama anayemkagua mlinzi mpya, akameza.

Nilikaa mlangoni na tochi. Kila ng'ombe alipopiga kwato moyo wangu uliruka, na mbwa akibweka nasimama. Sikujua usiku wa nyumbani una sauti nyingi hivyo. Niliona aibu kwamba mama amezisikiliza peke yake miaka yote hii, wakati mimi nalalamikia feni. Ndani, alikuwa anakoroma.

Aliamka jua limeshatoka, akakimbilia zizini pekupeku, akahesabu. Wote walikuwepo. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nikajisifu kwamba dawa imefanya kazi. Nikamwekea kopo kabatini na kumwelekeza saa ya kumeza.

Mchana, nikiwa nafunga begi, alikuja na lile kopo akaniwekea mkononi.

"Kaa nalo wewe," alisema. "Siku ukija kulala hapa, ndiyo uje nalo."

Kazini nilitakiwa Jumatatu, kwa hiyo niliondoka. Usiku ule Musoma nilimeza kidonge changu, nikazima taa, nikalala macho wazi, nikijua na yeye yuko macho.