Fundo la Baba

Mwezi uliopita nilikwenda Tunduma kununua uzi. Mimi ni mshonaji, kibanda changu kiko Mlowo. Ufundi nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu cha vipimo na kwa kufumua nguo za mitumba, kwa hiyo uzi siuchagui haraka. Nilikuwa nimesimama kwenye duka moja karibu na mpaka, navuta uzi kwa kidole nione kama utakatika, huku muuzaji, binti mwenye kalamu sikioni, akiwachangamkia wateja wa Zambia: "Mulishani, mulishani, karibuni." Nikainua macho. Ukutani ilining'inia kadi yenye ndoana kumi za samaki, kila moja imefungwa kwenye mshipi wake mfupi wa kuvulia, zimepangwa kama vifungo vya shati. Nikasogea kuliangalia fundo. Mizunguko miwili, ncha imepitishwa chini, imevutwa kulia.

Rafiki yangu, uzi niliusahau pale pale.

Fundo lile nilifundishwa na baba, nyumbani kwetu Ileje, upande wa Isongole, ambako wakati wa mvua unausikia mto Songwe ukinguruma bondeni, na asubuhi unaona moshi wa majirani wa Malawi ng'ambo. Kwetu kulikuwa na mahindi, maharage, migomba, na ile harufu ya kahawa mbivu inayoganda kwenye vidole mpaka ule nayo ugali. Bahari ilikuwa mbali, safari ya siku mbili kwa basi, na katika ukoo wetu aliyewahi kuiona alikuwa baba peke yake.

Alirudi kabisa kutoka pwani nikiwa darasa la nne, miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakipunguza watu. Wenzake walirudi na magodoro na redio. Baba alirudi na sanduku la mbao lenye kufuli. Watu walipomuuliza alikuwa akifanya kazi gani huko, alijibu, "Kwenye mambo ya uvuvi," na hakuna aliyeendelea kuuliza, kwa kuwa hakuna aliyejua aulize nini. Ndani ya sanduku kulikuwa na mishipi ya unene mbalimbali, ndoana za kila ukubwa, na machubwi, yale mapande ya madini ya risasi ya kuuzamisha mshipi.

Jumapili baada ya ibada alitandika gunia barazani, akaniketisha, akaanza somo. "Samaki wa mwamba havuliwi kwa pupa," ndivyo alivyoanza kila mara. Kwa samaki aitwaye changu, chubwi liwe chini kabisa, ndoana mbili zitokeze pembeni juu yake ili zisinase kwenye mawe. Chubwi lenyewe lifungwe kwa uzi dhaifu. Likinasa, ukatike huo, ubaki na ndoana zako. Chewa, mwenye mdomo kama mlango wa ghala, apewe ndoana moja kubwa na mshipi mnene, na akishika avutwe hapo hapo kabla hajarudi pangoni. Tasi anakula majani, ukimfuata kwa ndoana utazeeka. Huyo ni wa dema, mtego wa kusukwa. Kisha tunafunga fundo, mara kumi, mara ishirini. Yote niliyaandika nyuma ya daftari la hesabu. Mwalimu aliyaona, akauliza mbele ya darasa, "Huyu chewa anaishi kitongoji gani?" Nilichekwa muhula mzima.

Mama hakuchukia elimu. Lakini alikuwa na mume aliyekaa pwani miaka mingi, na kilichorudi kilikuwa sanduku. Kaka yake, mjomba wangu, alizidi kumchokoza baba kila alipopita kwetu. "Shemeji, maji yamejaa leo au yametoka?" Baba alitabasamu. Mama hakutabasamu. Siku moja akiwa anapakua maharage alisema bila kupandisha sauti, "Mpaka Pasaka. Samaki mmoja tu atoke kwenye hilo sanduku. Asipotoka, linakwenda Tunduma, wavuvi wa Rukwa watalinunua." Baba akasema, "Sawa." Aliyekosa usingizi ni mimi. Sanduku lile lilikuwa kitu pekee nyumbani kilichokuwa na majina na sababu, na bila hilo baba angebaki mtu wa kuchekwa tu.

Baba alichagua mahali ambapo Songwe unapita katikati ya mawe makubwa. "Mwamba ni mwamba," alisema. Kila Jumamosi tulishuka huko na mshipi wa changu. Chubwi lilinasa kwenye jiwe, uzi dhaifu ukakatika, ndoana zikapona, sawasawa na daftari langu. Kanuni zote zilifanya kazi, isipokuwa samaki hakuwepo. Machubwi yaliisha moja moja.

Chini yetu kidogo, mto ulikofurika kwenye majani, bibi mzaa baba na wanawake wenzake waliingia majini na vikapu vya mianzi. Walipiga maji kwa miguu, wakatukanana matusi ya utani, wakakinga vikapu, wakatoka na kambale. "Mke mwenzangu!" bibi aliniita, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao wa kike. "Mwambie huyo mwanangu kambale hakai kwenye jiwe. Anakaa kwenye tope." Nilimwambia. Akajibu, "Hiyo siyo njia ya kitaalamu." Na unajua kilichonikera zaidi? Kila tuliporudi kuvua mikono mitupu, tulikula kambale wa bibi, wa nyanya na pilipili, na baba aliwasifia utamu.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Pasaka nilimwomba nichague mimi. Alifikiri, akasema, "Chagua. Lakini utoe sababu." Nikazitoa. Chini ni tope, hakuna cha kunasa, kwa hiyo chubwi litobolewe liteleze kwenye mshipi. Kambale ana mdomo mpana kama wa chewa, kwa hiyo ndoana kubwa na mshipi mnene. Chambo kiwe matumbo ya kuku, kwa sababu maji ni ya kahawia na kambale anatafuta kwa harufu. Baba alitikisa kichwa kukubali kila moja. Nikafunga ndoana kwa fundo lake. Akalishika, akaligeuza, akasema, "Safi."

Tulikaa karibu na wanawake. Mama alikuwa juu kidogo anafua. Mjomba alikuja makusudi, anatafuna muwa. "Leo fainali," alisema. "Shemeji, nahodha umempata, meli je?"

Mshipi ukaenda. Haukutikisika kama nilivyokuwa nikiwaza kwa miezi. Ulienda tu, polepole, kama mtu anayeondoka na kitu chako. Nikavuta. Kichwa kikatokea juu ya maji, kipana kama koleo, cheusi, na sharubu. Bibi alipiga kelele, "Mvute, mke mwenza, mvute!" Mjomba alidondosha muwa. Mama alisimama na shati la baba mkononi likichuruzika maji, na nilimwona anacheka, mama yangu, anacheka.

Kisha mshipi ukawa mwepesi.

Niliukunja mpaka ncha. Haukukatika. Ndoana haikuwepo, na ncha ilikuwa imejipindapinda kama uzi uliofumuliwa kwenye pindo. Baba aliichukua, akaitazama muda mrefu. Halafu akasema, watu wote wanasikia, "Umefunga vibaya."

Kwetu mtoto hakumjibu baba mbele ya watu, na zaidi ya hapo, nilimwamini. Pasaka tulikula kambale wa bibi. Siku chache baadaye sanduku lilipakiwa kwenye lori la mahindi, na baba alilisindikiza mpaka barabarani kama mgeni. Hakutaja tena bahari. Alilima kahawa, aliilima vizuri, akafa mkulima. Mimi nikawa mtu wa kukagua kila mshono mara mbili. Mlowo wananisifu kwamba kazi yangu haifumuki. Hawajui nilianzia wapi.

"Nitolee ile kadi," nilimwambia binti wa Tunduma.

"Unavua, mama?"

"Sivui. Naangalia fundo."

Alicheka, akanipa. Nikavuta ndoana moja kwa kidole, kama ninavyopima uzi. Ikachomoka. Ncha ikajipindapinda.

"Mbona linafumuka?"

"Si la kuvulia hilo, mama. La kutundikia tu, ndoana zisianguke. Mvuvi akinunua anafungua, anafunga la kwake. Hizo nazifunga mimi, nikikosa wateja."

"Na wewe umewahi kuvua?"

"Mimi? Naogopa maji! Wavuvi ndio wananisimulia, wakija kununua. Ukinisikiliza utadhani nimezaliwa ziwani."

Hapo ndipo nilipomwona baba, kijana, nyuma ya kaunta ya duka la shirika huko pwani, anafunga ndoana kwenye kadi, masikio wazi, anakusanya chewa na changu kutoka midomoni mwa watu wenye chumvi kwenye nguo. Hakutudanganya. Alisema mambo ya uvuvi.

Sasa nimuulize nani? Bibi hayupo. Wanawake wa vikapu hawapo, na pale kwenye majani mto umejaza mchanga, watu wamelima mahindi. Ile ncha alipoitazama muda mrefu, aliona nini? Kama aliona kosa ni la fundo lake, basi alinitwisha mimi mbele ya kijiji. Kama hakuona, basi alikufa akiamini mwanawe alikosea. Nimezipima zote mbili kama ninavyopima kitambaa, na hakuna inayonienea.

Kadi niliinunua. Nimeitundika juu ya cherehani, ndoana tisa zilizobaki, na ile ya kumi nimeifunga tena mwenyewe, mizunguko miwili, ncha chini, kulia. Mashine inatetemesha ukuta kutwa nzima. Haijaanguka hata moja. Kwa kazi hiyo, fundo la baba ni safi kabisa.