Bendera ya Dada Asiyetaka Mume

Dada yetu wa mtaa wa Weston, huku ugenini, yule aliyekuwa akiwaogesha wazee kazini na Jumamosi anakuja kunikata kucha za miguu, amefariki. Moyo ulisimama akiwa amelala. Tulimzika juzi. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, hakuolewa, hakuzaa, na mimi ninayewaandikia kila mwezi katika jarida hili, mzee aliyeniita Mama ingawa sikumzaa, ndiye niliyemsumbua kuliko wote kwa jambo hilo. Niliishia darasa la nne, sijui kuzungukazunguka, kwa hiyo naanza na kosa langu.

Miaka sita nilimtafutia mume. Wa mwisho alikuwa mgane kutoka Burundi, mpole, mwenye gari. Nilipika sombe, yaani kisamvu, na samaki, nikawakalisha meza moja. Dada akampakulia, akacheka naye, akamsindikiza hadi kwenye lifti, akarudi kuosha vyombo. "Mama, ni mtu mzuri. Ila mimi sina hamu hiyo. Tangu usichana sijawahi kumtamani mtu kitandani, awe mwanamume, awe mwanamke." Nikamuuliza kama amelogwa. "Ulozi gani huu, Mama, unaoniacha nalala usingizi mzuri hivi?" Nilinuna wiki nzima.

Halafu ikaja Kwaresima, na zamu ya jumuiya kusali kwake. Yeye yuko jikoni na chai, mimi natayarisha meza. Juu ya kochi nikaona kitambaa kizuri chenye mistari minne: mweusi, wa kijivu, mweupe, wa zambarau. Kwa zambarau ile nikajua ni cha Kwaresima. Nikakitandika, nikaweka msalaba na mishumaa, tukasali rozari nzima. Yeye kapiga magoti, midomo inamtetemeka. Nilidhani ni ibada, kumbe anazuia kicheko. Wenzetu walipoondoka akasema, "Mama, leo umeibariki bendera yangu." Akanifundisha taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Nyeusi ni wale kama yeye, wasio na hamu hiyo kabisa. Kijivu ni walio katikati: hamu huwajia mara chache, au haiji mpaka moyo uwe umemzoea mtu sana. Nyeupe ni watu wengine wote wanaowapenda na kusimama nao. Zambarau ni umoja wao. Alipitisha kidole kwenye ile zambarau. Alikuwa na miaka arobaini, akasema, ndipo alipojua kuna wengine. Hadi siku hiyo aliamini Mungu alimuumba hivyo peke yake.

Sisi tuliozika watoto njiani tukikimbia vita tunataka kila tumbo lizae, turudishiwe waliopotea. Ndiyo maana tunawabana mabinti. Lakini binti si shamba la kulipia vita. Huyu aliwageuza wazee wasio na mtu vitandani mwao, akawaita baba na mama, na sisi jioni tukamuuliza ataolewa lini.

Siku ya msiba, nyumbani kwake, kaka yake mkubwa alitoa kipande cha mkaa mfukoni. Wazee mnaujua. Kwetu milimani, aliyekufa bila mtoto alishikishwa mkaa kaburini, kwamba moto wake umezimika. Kaka alisema wajomba wamepiga simu, wanaogopa laana. Nikasimama mlangoni. "Hutamshikisha hicho."

"Mama, ni mila."

"Mila ya kumfukuza. Alikuwa mtu mzima, hakupungukiwa kitu." Nikamwonyesha bendera, nikamtajia rangi zote kama nilivyofundishwa.

"Hayo ni mambo ya Wazungu, Mama."

"Alikuwa hivyo kabla hajapanda ndege."

Akakaa kwenye kochi. Halafu akasema, bila kunitazama, "Aliwahi kuniambia. Nilimkatia simu." Akalia kama mtoto, mkaa ungali mkononi. Alipomaliza akautupa kwenye takataka, akanawa kwenye sinki, akaikunja bendera ile kwa mikono yake mwenyewe, akaipeleka ikalazwe kifuani mwa dada yake. Padri aliiona, hakuuliza.

Akina mama wenzangu mlio na mabinti wanaoishi peke yao, nawaambia wazi: wapo wanaosubiri mume, wapo wasiomtaka, na wote ni wenu. Muulizeni binti, halafu liaminini jibu lake mara ya kwanza, angali anaweza kuwasikia mkisema, "Sawa, mwanangu."